Historia ya Rebi Huatu Bitan, Aliyefunga kwa Kosa la Wageni

Ndugu wa ukoo wa Bitan, majirani zetu Waislamu mliofunga maduka asubuhi hii, na nyinyi wageni wawili kutoka Paris mliosimama pale ukutani, mimi ni Shushan Haddad, sonara, kaka wa mjane, na familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu kabla hatujamshusha kaburini. Dada yangu ameniagiza nisome taratibu na nisigombane na mtu, na hilo la kwanza nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa hapa Zarzis, kusini mwa Tunisia, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Rebi Mridakh Bitan, mchinjaji, na Bi Ghzala. Herufi alifundishwa na baba yake, mwaka 1957 akaingia shule ya msingi ya serikali hapahapa, na mwaka 1965 akavuka kwenda kisiwani Jerba kusoma Torati na sheria za uchinjaji, akapewa idhini ya kisu mwaka 1971, akiwa kijana mwembamba mwenye sauti iliyowafanya wazee waache kupiga soga katikati ya sala.

Alirudi nyumbani mwaka 1972, na baba yake alipofariki mwaka 1979 akashika sinagogi letu, na katika kusanyiko dogo kama hili kulishika maana yake ni kuongoza sala, kutahiri watoto na kuwafundisha, kuchinja kuku kila Alhamisi, kuosha maiti, na mvua ikinyesha kupanda mwenyewe juu kuziba paa. Tarehe 12 Juni 1974 alimwoa dada yangu Maisa, ambaye siku ya posa alimwona ana manyoya ya kuku begani, akacheka mbele ya wakwe, na kicheko hicho hatukukisikia kikiisha ndani ya nyumba ile kwa miaka yote hii. Mungu aliwajalia watoto watatu: Yaakov aliye Netanya, Kamuna tuliye naye hapa, na Rahel aliye Marseille.

Sasa nafika kwenye msaada, maana marehemu alisaidiwa sana. Mwaka 2006 kilikuja chama cha Paris cha kusaidia masinagogi madogo na viongozi wake, jina lake sitalitaja msibani, wakatundika kibao cha marumaru chenye majina ya wafadhili, wakapiga picha, wakaondoka, na kila mwaka kabla ya hija yetu Wayahudi ya Jerba walirudi kupiga nyingine. Kila walipokuja, marehemu aliwaomba jambo lilelile, wamsaidie kijana wetu Gabi Mazuz apate riziki akijifunza kisu na sala, ili siku yeye akilala tusibaki bila mtu. Bwana Armand Kessler, mkuu wao, ambaye yuko hapa na ananisikia kwa kuwa jirani yake anamtafsiria, alimjibu, "Rebi, wafadhili wetu wanapenda kitu kinachoonekana." Marehemu akasema, "Kwani Gabi haonekani? Mtu ana kilo tisini!" Tulicheka wote, Bwana Kessler naye alicheka, na Gabi leo anauza simu Marseille.

Jumanne tarehe 14 Mei mwaka huu wa 2024, Bwana Kessler na mpiga picha wake, huyo aliyesimama naye ukutani, waliingia sinagogi wakitaka gombo la Torati lisogezwe dirishani kwenye mwanga. Gombo letu linakaa wima ndani ya kasha la mbao linalofunguka kama kabati, nalo husomwa likiwa limesimama, lakini kwao Paris hulazwa mezani, basi Bwana Kessler akalikamata kwa juu, kwenye vishikio, ili alilaze. Marehemu alipiga kelele, "Muache, bwana! Huyo hashikwi shingoni!" Kasha likafunguka, gombo likaanguka sakafuni, na dada yangu aliyekuwa uani anasema kishindo kile alikisikia mpaka huko.

Torati ikianguka, aliyeiona ikianguka hufunga. Walioona walikuwa watatu. Marehemu aliliokota, akalibusu, akawaeleza wageni wake kwa upole kwamba Alhamisi, siku yetu ya kusoma Torati na ya mfungo wa toba, itabidi wafunge pamoja, na Bwana Kessler akasema wana ndege ya kuwahi, wakapitia bandarini, wakala samaki wa kuchoma, wakaenda zao.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2011, na daktari wake, Bi Mnia, alimkataza waziwazi, "Rebi, kisukari hakijui toba. Kula." Na sheria yetu yenyewe humwondolea mgonjwa kufunga, yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Nilimfuata nyumbani nikamfokea, nikamwambia kosa si lako, akanijibu, "Shushan, wenye kosa wameshapanda ndege. Unataka gombo likae chini ya dhambi bila mtu wa kufunga kwa ajili yake?" Alifunga Alhamisi tarehe 16 Mei, akaanguka kwenye sala ya alasiri, akalazwa hospitali, figo zikagoma, na leo Jumanne tarehe 25 Juni, alfajiri, ametuacha.

Nina hasira, na sioni kwa nini niifiche. Leo asubuhi, marehemu amerudishwa nyumbani na kulazwa sakafuni kama ilivyo desturi yetu, bado hajaoshwa, mabwana hawa, waliokuwa Jerba tangu juzi, walikuja kwa gari la mizigo, wakamwendea dada yangu wakamwomba ufunguo wa sinagogi, eti kwa kuwa kiongozi hayupo, gombo lipelekwe Tunis kwenye ukumbi wao wa maonyesho likahifadhiwe. Dada yangu akawaambia, "Mume wangu yuko sakafuni, nyie mnadai ufunguo? Tokeni kwanza kwenye kivuli changu." Kwa niaba ya familia na ya kusanyiko, natangaza kwamba gari litarudi tupu, wanaume kumi wanaohitajika kwa sala bado tunatimia, na Alhamisi hii gombo litasimama mahali pake na kusomwa, nitasoma mimi mwenye sauti ya mbuzi mpaka apatikane mwenye nafuu.

Tunamshukuru Daktari Mnia na wauguzi wote, majirani waliopokezana kukaa naye hospitali, Hajj Bashir aliyetuletea maji ya kumwosha bomba lilipokauka, na wachinjaji wenzake wa Jerba waliokuja kumwosha kwa mikono yao. Wageni wetu wa Paris nawashukuru kwa kufika, na nawakumbusha kwamba walioliona gombo likianguka ni watatu, mmoja alifunga, wawili bado wanadaiwa. Alhamisi hakuna ndege ya kuwahi, tiketi zao tumeambiwa ni za Ijumaa, na mlango wa sinagogi utakuwa wazi tangu alfajiri.

Rebi Huatu, shemeji yangu, lala kwa amani, umemaliza mfungo ambao haukuwa wako.