Agano na Aliyelala

Ndani ya treni wakili alijifanya anasoma gazeti. Mbele yake fundi cherehani alikuwa amembana mchungaji asiyemjua.

"Baba mchungaji, mama yangu amesahau kila kitu, hata Mungu hamkumbuki. Agano la Mungu bado linamhusu?"

"Binti yangu, Mungu alipofanya agano na Abrahamu, mwenzake alikuwa amelala fofofo. Mungu alipita peke yake kati ya wanyama waliopasuliwa, jinsi watu wa kale walivyofunga agano."

Wakili alishindwa kunyamaza. "Upande mmoja tu ndio ulijifunga? Kwetu mawakili huo si mkataba."

"Ndiyo maana aliyelala hawezi kuuvunja," mchungaji alicheka.

"Lakini Abrahamu aliamka," fundi alisema. "Mama yangu je?"

Treni ilisimama. Mchungaji alichukua mfuko wake ashuke, kisha akamgeukia fundi, akaketi tena.