Patriki Bura, Ambaye Ndugu Zake Waliuliza Hadi Mashine

Wapendwa mliokuja kumsindikiza Patriki, wa hapa Dirma, wa Gitting, na ninyi wa Nambis mliofika asubuhi na lori tupu, poleni kwa msiba na poleni kwa vumbi. Kwa desturi yetu karatasi hii husomwa na kaka mkubwa wa marehemu, naye yupo, amekaa pale mbele kwenye kiti chenye mikono, lakini mjane ameniomba nisome mimi, mtoto wa baba mdogo, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini. Mnajua pia, maana hakuna asiyejua, kwamba leo yamechimbwa makaburi mawili kwa ajili ya mtu mmoja, moja hapa nyuma ya zizi na lingine kule Nambis, na kwamba lile lori halikuja kutupa pole, limekuja kuchukua jeneza. Basi sikilizeni maisha yake, halafu tutajua anakwenda wapi.

Patriki Bura Qamara alizaliwa tarehe 17 Machi 1966 katika kijiji cha Nambis, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu mzee Bura Qamara na marehemu mama Bernadina, akitanguliwa na Bonaventura na Yonas, ambao wote wawili wapo hapa, wazima wa afya, wameshapata chai.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1975 hadi 1981 alipomaliza darasa la saba, na kila mwalimu aliyemfundisha alilalamika jambo lile lile, kwamba mtoto huyu anaongea hata akiwa amelala. Hakuendelea na sekondari, akachunga, akalima vitunguu swaumu, na mwaka 1986 akateremka huku Hanang na kuanza kazi aliyoifanya maisha yake yote, udalali wa ng'ombe mnadani, kazi iliyomfaa kuliko upadri, maana alikuwa na uwezo wa kumsifia ng'ombe aliyebaki mbavu na pembe, akamsifia, akamsifia, mpaka mwenye ng'ombe akaghairi kumuuza.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa takatifu hapa Dirma na Zita, binti wa wafugaji wa hapa hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Emanuel na Doris. Kaka zake hawakuhudhuria harusi. Bonaventura alisema mtu wa milimani hateremki kuoa kwenye vumbi, kwa watu wanaolala nyumba moja na ndama, akayasema hayo akiwa amekaa jikoni kwake Nambis, na ndama wawili wakimlamba magoti.

Sasa nakuja kwenye ugonjwa, na hapa naomba msisinzie. Marehemu alikuwa na presha ya kupanda, na sitamsafisha kwa sababu amekufa, vidonge vyake alikuwa anavimeza Jumapili tu, kama komunyo, pamoja na kwamba wauguzi walimwambia presha haisali wiki kwa wiki. Jumanne tarehe 9 Mei 2023, akiwa mnadani anasifia dume moja jeusi, alikata sentensi katikati, mdomo ukaenda upande, akakaa chini taratibu, na watu wakacheka wakidhani ni mbinu ya kupandisha bei. Hospitali walisema ni kiharusi, mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vililala, na maneno yote ya mtu yule, maneno yaliyouza nusu ya ng'ombe wa wilaya hii, yakaondoka, likabaki moja tu, nalo ni marahaba.

Madaktari walieleza kwamba hutokea hivyo, neno lililozoeleka sana hubaki likitoka lenyewe hata mtu akitaka kusema jambo lingine. Ukimpa uji, marahaba, ukimkanyaga, marahaba, katekista akimaliza sala badala ya amina anajibiwa marahaba. Watu wote walielewa, hata mtoto wa chekechea alielewa, isipokuwa msomi mmoja. Bonaventura alipoingia wodini, kabla hajafungua kinywa, mdogo wake akamtazama akamwambia, "Marahaba." Mzee akanyooka mgongo kama amemwagiwa maji ya baridi, akageukia wodi nzima akasema, "Mmesikia? Ananiitikia shikamoo mimi, kaka yake, na wala sijamwamkia! Huyu hana akili tena, amekwisha." Hukumu ya akili ya mtu ilitolewa siku ile, ndugu waombolezaji, na shahidi pekee alikuwa ni heshima ya Bonaventura iliyopata mchubuko.

Baada ya hapo walimpandisha Nambis, wakamwambia Zita ni kwa matibabu, atarudi akipata nafuu. Matibabu yenyewe yalikuwa chumba cha nyuma chenye magunia ya viazi, na mganga kutoka sijui wapi aliyesema kichwani mwake mna mdudu, na kwamba mdudu huyo alitumwa na mwanamke wa tambarare, yaani mke wake. Yonas alikuwa akimlisha uji kwenye shavu lililolala, uji unarudi wote kifuani, huku akiwaambia wageni mbele ya mgonjwa mwenyewe, "Ubongo umeshaoza, kilichobaki ni kupumua tu," na mgonjwa machozi yanamtoka, na wageni wanasema ni moshi. Zita alipanda mlima kila alipopata nafasi, akasimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa, akasema, "Shemeji, mume wangu anataka kurudi nyumbani," na Bonaventura akamjibu bila hata kumkaribisha kiti, "Anataka? Anataka kwa ubongo gani, shemeji?"

Ndipo alipotokea daktari Hilda, binti wa Gitting, mnamwona pale nyuma, ambaye anafanya utafiti katika hospitali moja kubwa ya mjini kuhusu jinsi kemikali za ubongo zinavyobadilika baada ya mtu kupata kiharusi, na alikuwa anatafuta wagonjwa wa kupigwa picha mara mbili, mwanzoni na miezi kadhaa baadaye. Alimweleza marehemu kwanza, polepole, akamwomba ridhaa yake, marehemu akatikisa kichwa kukubali, na kaka zake wakatabasamu wakidhani ni adabu tu za daktari, kama mtu anayemuaga mtoto mchanga. Kisha wote wakakubali kwa shangwe, kila upande na hamu yake. Zita alitaka picha ioneshe mumewe ni mzima, Yonas alitaka kumwona mdudu, na Bonaventura alitaka ushahidi wa kupeleka kijijini kwamba kichwa ni kitupu.

Mashine yenyewe ni bomba la sumaku kubwa, linalopiga kelele kama fundi bati aliyegombana nyumbani. Picha ya kawaida huonesha umbo la ubongo, ni sawa na kutazama boma kwa nje, lakini hii ya daktari Hilda huugawa ubongo vipande vidogo kama majaruba ya mpunga, halafu katika kila kipande hupima mna kemikali gani na kwa kiasi gani, bila kisu na bila sindano. Kuna kemikali inayokaa ndani ya seli za neva zilizo hai, seli zikifa nayo hupungua, na kuna asidi inayorundikana mahali ambapo seli zimekosa hewa. Alipigwa picha ya kwanza Julai 2023, na ya pili Januari 2024, na siku hiyo ya pili tulikuwepo wote, tumebanana chumbani kwa daktari tukitazama rangi.

Daktari alisema wazi, "Hapa katikati pamekufa, sitawadanganya." Akaonesha pembeni ya hapo, ambapo mwezi wa saba ile kemikali ya uhai ilikuwa chini na sasa imepanda kidogo, na asidi imepungua, akaonesha upande wa kulia, ambao haukutofautiana sana na wa watu wa umri wake. Mdudu hakuonekana, na Yonas akauliza kama inawezekana alikuwa ametoka kidogo.

Bonaventura akasema, "Daktari, tufupishie. Akili ipo au haipo?"

Zita akasema, "Waambie ipo, mwanangu, waambie."

Daktari akawatazama wote wawili, akasema, "Wazee wangu, shikamooni tena. Hii picha inapima kemikali. Haisomi mawazo, wala haiwezi kuwaambia mtu anataka kulala wapi."

"Sasa nani atatuambia?" Bonaventura akauliza.

"Mmemuuliza mwenyewe?"

Jamani! Walikuwa wamemuuliza mganga, wamemuuliza mwenyekiti wa kijiji, wamemuuliza katekista, wamesafiri kutwa nzima kuuliza sumaku inayoweza kukunyang'anya jembe mkononi, na mtu mwenyewe amekaa katikati yao na soksi zake, hakuna aliyemuuliza.

Daktari akachuchumaa mbele yake, macho kwa macho, akasema taratibu, "Baba Emanuel, unataka kukaa Nambis?" Patriki akauvuta mguu wake wa kushoto, ule mzima, akauficha chini ya kiti. "Unataka kurudi Dirma?" Akautoa, akaunyoosha mbele mpaka ukamgusa Bonaventura tumboni, maana viatu vilivuliwa kwa ajili ya mashine na aliyepewa avishike ni kaka mkubwa. Daktari akauliza tena kwa kugeuza, Dirma kwanza, Nambis baadaye, mtu asije akasema ni bahati, na mguu ukatoka, na mguu ukarudi. Kaka mkubwa wa ukoo wa Qamara akapiga magoti kumvisha mdogo wake kiatu cha safari, akamvisha cha kulia mguu wa kushoto, na mgonjwa asiye na akili akakitazama, akauvuta mguu, akamwambia, "Marahaba."

Kwa hiyo alirudi hapa, akaishi na mkewe, akafanya mazoezi ya kuongea kila asubuhi, na likaongezeka neno Zita, na ng'ombe, na hapana. Mwaka huu, tarehe 14 Juni 2025, Zita aliwaita wazee wa Dirma, watoto, katekista na Bonaventura mwenyewe, akamuuliza mumewe mbele yao wote swali ambalo wengi wetu huogopa kuulizana, kwamba siku ikifika alazwe wapi, Nambis kwa baba yake? Akasema, "Hapana." Kisha akachukua fimbo, akainuka bila kushikwa, akatoka nje akiburuta mguu, sisi nyuma yake, akazunguka zizi, akasimama pale mnapoona udongo mwekundu, akagonga chini kwa fimbo, na hakuondoka mpaka Bonaventura alipofika kuona.

Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025 alipata kiharusi cha pili, akafariki dunia siku hiyo hiyo akiwa njiani kupelekwa hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Zita. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inamshukuru daktari Hilda na wauguzi wote, inawashukuru majirani wa Dirma na Gitting, inawashukuru madalali wenzake mliofunga mnada kwa heshima yake. Tunawashukuru pia ndugu zetu wa Nambis kwa lori, kwa sababu halitarudi tupu, litapitisha Gitting viti na masufuria tuliyoazima. Na wewe kaka Bonaventura, uliyekuwa unaniambia asubuhi kwamba neno la mgonjwa wa kichwa si neno, jeneza litakuwa wazi kwa muda mfupi kabla ya sala, nenda ukamuulize tena, usikie kama amebadilisha.

Patriki, uliulizwa, ukajibu, nasi tulisikia. Pumzika kwa amani papo hapo ulipogonga.