Kofia ya Njano ya Mdogo Wangu Kwani

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi wafanyakazi wenzake mliojaza viti vyote vya mbele kana kwamba mmekuja mkutanoni, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi dada yake mkubwa, na naomba radhi mapema nikicheka, maana nimejaribu kumwandikia huyu mtu historia ya majonzi matupu na imenishinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu, fundi saa, na mama yetu, mwalimu wa chekechea, na jina la Kwani tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu kila alichoambiwa alijibu kwa kuuliza kwani. Alipokuwa na miaka sita aliifungua redio ya baba, akashindwa kuifunga, akaficha skrubu chini ya godoro na kukana mchana kutwa, mpaka baba, ambaye sote tulijua atamchapa, akamkalisha mezani na kumwambia, "Redio nitaitengeneza, lakini nitaitengenezaje kama hutaki kuniambia ulitoa nini?" Maneno hayo yalimwingia, mtaona mbele ya safari.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, akaendelea na sekondari, ambako hesabu alizimudu ila mwandiko wake ulihitaji mkalimani, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya kompyuta mwaka 2002, na baada ya hapo alizunguka maofisini akitengeneza mashine za kunakili, akirudi nyumbani na wino hadi masikioni.

Mnamo Juni 2009 aliitwa na rafiki yake aliyesoma naye chuo, ambaye leo ni mkurugenzi mkuu na tunaye hapa, wakaanzisha kampuni wakiwa watu wanne katika chumba kimoja juu ya duka la mapazia, wakitengeneza programu ya kuyasaidia maduka ya dawa kujua dawa gani imebaki na ipi inakaribia kuisha muda wake. Kiyoyozi pekee walichonunua kilikuwa cha kupoza kompyuta kubwa iliyotunza kazi yote, si cha kupoza watu, na aliyekaa chini yake alikuwa Kwani, akipiga chafya tangu asubuhi, ndipo mimi, kwa huruma ya dada, nikamfumia kofia kwa uzi wa njano uliobaki kwenye vitambaa vya viti. Aliniambia ni nzuri sana, muongo mkubwa, akaitundika msumarini.

Siku moja alibonyeza kitu asichopaswa kubonyeza, na maduka yote yakaonyeshwa kwamba dawa zao zote zimeisha muda, hata zilizoingia jana yake, simu zikalia kila kona, wenzake wakaanza kutazamana, naye akapanda juu ya kiti, akavaa ile kofia ili aonekane na kila mtu, akasema, "Ni mimi. Njooni niwaonyeshe nilivyofanya." Tangu hapo ukawa utaratibu, kwamba anayeuangusha mfumo anavaa kofia na kueleza alichofanya, hakuna ruhusa ya kumfokea, wote wanatengeneza, halafu wanakunywa chai, na kofia inabaki mezani kwake hadi apatikane mwingine. Yaani kazi ya mikono yangu ikawa vazi la wakosaji, na hakuna aliyekuja kuniomba ruhusa.

Mteja aliyekuwa akipiga simu kulalamika kuliko wote alikuwa mfamasia mmoja mwenye sauti kali, na marehemu akatumwa akamtulize, akaenda akatengeneza kompyuta yake, kesho yake akaenda tena ingawa haikuwa imeharibika, na keshokutwa vilevile, hadi tarehe 12 Novemba 2011 walipofunga ndoa. Wifi yangu mpenzi, nyamaza kidogo, hayo yote unayajua. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyerithi kwani zote za baba yake, na mvulana mpole, sijui kamtoa wapi.

Kampuni ilikua, na kukua kwenyewe jamani ni vurugu tamu, maana mtu aliajiriwa asubuhi na hadi jioni ameshahamishwa meza mara mbili, mara wamechukua ghorofa ya pili, mara jengo zima, mara kuna mikutano ya kupanga mikutano, na wafanyakazi wapya walimkuta marehemu chini ya kiyoyozi chake wakamdhani fundi wa viyoyozi, wakamwomba akatengeneze na cha kwao, naye akaenda akakitengeneza. Lakini wawekezaji walipokuja, mkurugenzi aliona kofia inatia aibu mbele ya wageni, ikafungiwa kabatini, na makosa hayakwisha, yalijificha tu, idara hii ikiinyooshea kidole idara ile, mpaka mwaka 2019 kumbukumbu za mauzo ya asubuhi nzima ya maduka zilipopotea na hakuna aliyejitokeza.

Marehemu alipanda hadi ofisi ya mkurugenzi kuiomba kofia, akajibiwa kwamba kampuni sasa ni kubwa na ile ni michezo ya kitoto, naye akamwambia, "Kofia si ya kumwaibisha mtu. Ni ya kumwambia kwamba kesho arudi kazini." Mkurugenzi aliitoa, ila kwa sharti kwamba yeye mwenyewe hataivaa kamwe, mkurugenzi ni mkurugenzi, na marehemu akacheka, akasema atasubiri. Jioni hiyohiyo mhandisi mmoja, mama wa mapacha, aliyekuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi kwa hofu, alikuja akaivaa huku analia, kumbukumbu za mauzo zikapatikana, na leo ndiye anayeongoza idara ile.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anafanya kazi kitandani, na alipolazwa mara ya mwisho aliagiza aletewe kofia, akaivaa, akawaambia wenzake kwamba safari hii mfumo ulioanguka ni yeye. Tulicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia. Aliniusia nisimzike nayo, irudi kazini, na alfajiri ya Jumanne tarehe 4 Februari 2025, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, alituacha, na imeniuma, sitawaficha.

Sasa sikilizeni. Jumatano mkurugenzi, kwa uchungu wake, bila kumuuliza mtu, aliweka picha ya marehemu kwenye ukurasa wa mbele wa mfumo, picha kubwa ajabu, kama ilivyotoka kwenye kamera ya mpiga picha wa harusi, maduka yote yakaifungua kwa pamoja, na mfumo ukaanguka chini puu. Wahandisi wakahangaika, wakaanza kuulizana, ndipo ukaja ujumbe kwa wafanyakazi wote, kutoka kwa mkurugenzi mwenyewe, unaosema, "Ni mimi. Njooni niwaonyeshe nilivyofanya." Jioni alikuja nyumbani kuniomba kofia, nikamkatalia, nikamwambia mdogo wangu amesubiri muda mrefu, asubiri na yeye hadi leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, majirani mliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake mliochangia damu na vichekesho, na wafamasia mliofunga maduka mkaja.

Mkurugenzi, ndugu yangu, njoo mbele, inama kidogo, wewe ni mrefu. Hivyo hivyo. Imekubana, lakini itazoea.

Kwani, mdogo wangu, ameivaa. Sasa pumzika kwa amani, na Jumatatu warudi kazini.