Jumamosi za Karata Mia

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa kumfuata, karatasi hii ya maisha ya kaka yetu, nami nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa sehemu moja niliyoiongeza mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1970, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akaanza shule ya msingi mwaka 1977, akamaliza sekondari mwaka 1988, kisha akajifunza ufundi saa kwa mjomba, na Juni 1993 akafungua kibanda chake kando ya stendi ya mabasi, ambako kwa miaka thelathini na moja hakumrudishia mteja saa inayochelewa, ingawa yeye mwenyewe alichelewa kila mahali, hata kwenye harusi yake, tarehe 21 Agosti 1999. Yeye na shemeji walijaliwa mabinti wawili.

Wengi mlimfahamu kwa karata za mashindano, zile za picha ambazo kila mchezaji hujikusanyia na kujipangia fungu lake. Alikuwa na mafungu mawili, la karata sitini, lenye nakala nne nne za kila karata, alilolicheza siku za kazi kwa sababu lilimjia vilevile kila mara, kama saa iliyotengenezwa ikatengenezeka, na la karata mia, zote zenye nguvu, kila moja nakala moja tu, alilolitunzia Jumamosi, akikataa katakata kulijaza karata zinazomruhusu mchezaji kutafuta funguni karata anayoitaka, kwani alitaka Jumamosi imshangaze.

Sasa ninasoma niliyoyaongeza. Tarehe 12 Oktoba 2019, kwenye fainali, nilibakiza zamu moja nimshinde, naye akavuta Gharika, karata pekee katika zile mia iliyoweza kufagia meza nzima, hasira zikanipanda, nikasimama nikasema mbele za watu kwamba amezipanga karata kwa hila ili Gharika imjie, na tangu siku hiyo tukanuniana miaka mitano.

Aprili 2023 mikono yake ilianza kutetemeka, maradhi ya mishipa ya fahamu, mwaka uliofuata akakifunga kibanda, na Jumamosi tarehe 1 Machi 2025 akaniita hospitali, akatoa fungu la mia chini ya mto, akanipa mimi nilichanganye, kwa kuwa vidole vyake havikumtii tena. Nililichanganya mara saba, kama alivyonifundisha, nikalikata, nikamgawia, na karata ya kwanza aliyoifunua ilikuwa Gharika, akacheka hadi muuguzi akaja kuona kulikoni, nami nikalia, lakini neno la msamaha halikunitoka. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopokezana kukaa na shemeji, mafundi wenzake, na wachezaji wa Jumamosi, ambao wengi wenu mlikuwepo siku ile ya fainali, basi naomba mnisikie tena, kaka hakuzipanga, nilimsingizia, naye ameondoka sijamwomba radhi.

Nisamehe, kaka. Pumzika kwa utulivu, fungu lako nimelichanganya vizuri.