Nukta za Nyumba ya Honora

Kijiwe chetu ni ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili, kando ya meza ya kahawa ya Peg, hapa Liverpool, tulikokimbilia njaa ilipotufukuza Ireland. Asubuhi ile bandarini hapakuwa na kazi, tukabaki kubishana. Daktari Pargeter alikuwa amebandika ramani ya mtaa wetu ukutani: kila aliyekufa kwa homa, nukta moja nyeusi. Nampenda yule mzee. Wenzake hutuchungulia kutoka kwenye magari yao ya farasi. Yeye huingia mpaka vyooni kwetu, na hajawahi kuziba pua.

— Ile ramani ndiyo inayoua, alisema Lami, aliyeitwa hivyo kwa kazi yake ya kupaka meli lami. Akiweka nukta tu, mtu kashakufa.

— Kashakufa kabla, we kichwa maji, alisema Jaji, ambaye mahakamani ameingia kama mshtakiwa tu. Homa inatoka mferejini. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Vinavyoelea kule ni mizoga ya mbwa.

— Basi vimeundwa vibaya.

Peg alikuwa akimimina kahawa.

— Mimi nasikia homa inapenda nyumba kubwa. Ndiyo maana kwa Honora nukta zimejaa kama kunguni.

— Inapenda dirisha, Lami akakubali. Inakaa pale, inatuchagua.

Tulikuwa tunazunguka mbuyu, na sote tulijua. Mjane Honora Tierney ndiye pekee mtaani mwenye sebule. Maiti wetu wote huoshwa na kukeshewa kwake, na sisi humwacha karani wa baraza aandike kwamba walifia humo. Kesho baraza la mji lingeifunga ile nyumba na kumtoa Honora nje, kwa kuwa ramani ilisema inaua kuliko zote.

Mara daktari mwenyewe akatokea, akaomba kahawa. Jaji hakumsubiri anywe.

— Honora haui mtu, daktari. Anatuoshea wafu wetu, wala hadai hata peni.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akatoa nakala ya ramani mfukoni, akaikunjua juu ya ubao.

— Basi nimekosea, na nashukuru umeniambia. Nitazifuta leo hii. Ila nizihamishie wapi? Hawa watu waliugulia nyumba zipi?

Nyumba yenye nukta hufungwa, na kupata chumba kingine si mchezo. Peg alifuta kikombe kilichokuwa kisafi. Jaji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa methali.

Lami akainama juu ya ramani, akaweka kidole chake cheusi.

— Uani kwa Mollard. Chumba cha chini kabisa, maji yanapoingia. Mke wangu. Na wanangu bado wanalala humo.

Daktari alivua kofia, akaandika polepole. Nilimtazama Lami nikaona fahari ya kukaa ubao mmoja naye.

— Wakikufungia, utawalaza wapi wale watoto? Peg akauliza.

— Kwa Honora, alisema Lami. Ndiyo maana nimesema.