Aliyepiga Picha Baraza ya Mfaume

Tunakaa Mtoni, upande wa Temeke, pale njia ya vumbi inapoachana na lami kuteremka bondeni. Nyumba ya kona ni ya Mfaume Selemani Ngwele, na kwa kuwa baraza ni yake, kijiweni anaitwa Mwenyekiti, ingawa hajawahi kugombea chochote. Jonas Mwaisumo, aliyekuwa fundi redio, anaitwa Satelaiti kwa sababu mambo yote huyaona kutoka juu. Anselmo Chinguile, mchonga vinyago wa Mwenge ambaye siku asizokwenda kazini hushinda nasi, anaitwa Patasi. Mwinjuma anauza kahawa na kashata, naye hana jina la utani, maana yeye ndiye anayewapa wengine. Mimi naitwa Karani. Nilikuwa karani kweli, basi sina la kulalamika.

Baraza yenyewe aliijenga mama yake Mfaume, Bi Zuhura binti Kondo, kwa mawe aliyoyapandisha kutoka bondeni kichwani. Siku ya kupiga lipu, kabla saruji haijakauka, alipitisha vidole vyake kwenye ukingo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ikawa kama nakshi ya mkeka. Sisi tulikuwa tukiikalia nakshi hiyo kila siku bila kuitazama.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mwanamke wa miaka kama thelathini, suruali ya jinzi, raba nyeupe, kamera ndogo nyeusi shingoni. Alitupa shikamoo, tukaitikia. Akaonyesha kamera kama anayeomba ruhusa, na Mfaume, aliyekuwa anafukuza nzi, akainua mkono. Yule mwanamke akashukuru. Akaingia barabarani, akafumba jicho moja, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi katikati ya lami, akaja tena mpaka ukutani, akarudi tena. Mwisho akachuchumaa, akapiga picha, akasema asante, akateremka bondeni huku akipiga picha kamba za nguo na masufuria yaliyoanikwa.

Tulimfuata kwa macho mpaka alipopotea.

— Mmeiona miguu yake? aliuliza Satelaiti.

— Ana raba kali, alisema Patasi.

— Sisemi raba. Alikuwa anapima. Katikati ya barabara mpaka ukutani. Watu wa barabara siku hizi hawaji na kamba, wanaogopa mawe. Wanatuma sista mmoja msafi, mwenye shikamoo, anapima kwa hatua.

Hapo kila mtu alijua anachosema. Kule mbele, ingawa sisi hatujafikiwa bado, kuna nyumba zilizopigwa X nyekundu ukutani, na kila mwenye nyumba katika mji huu anajua kwamba ikishachorwa ile, kinachofuata ni katapila.

Patasi alikataa. Yeye alisema ile si ishu ya barabara, ni ya sheli. Kuna tajiri anatafuta kona za kuweka kituo cha mafuta. Tajiri hanunui nyumba, ananunua kona. Mwinjuma, akimimina kahawa, akasema yeye alivyosikia ni bomba la gesi kutoka Kinyerezi, litapita chini kwa chini, na nyumba itakayokuwa juu yake haitaruhusiwa kuwasha mkaa. Akalitazama jiko lake dogo la makaa kwa huruma. Satelaiti aliwaacha wamalize, ndipo akatangaza kwamba kuna daraja jingine la Kigamboni linakuja, na mguu wake mmoja utatua pale tulipokaa.

— Braza, Kigamboni iko kule, maji yako kule, alisema Patasi. Mguu utue Mtoni kufanya nini?

— Daraja kubwa lazima lianzie mbali. Ndege nayo hairukii pale pale iliposimama.

Niliuliza kama kuna aliyesikia yule mwanamke akitaja jina lake. Hakuna.

— Karani, alisema Satelaiti, mtu wa kazi zile, jina atakalokupa si lake.

Mwanabaraka, mke wa Mfaume, alikuwa anafagia mlangoni. Akasema kuna watu wanapiga picha kwa kupenda tu. Binti wa dada yake simu yake imejaa picha za chapati.

— Chapati ni yake, shemeji, alisema Satelaiti. Mtu akipiga picha chapati yake, hayo ni mapenzi. Akipiga ukuta wa mwenzie, hiyo ni kazi.

Tuliona ni sawa. Hata Mwanabaraka aliacha kufagia kidogo.

Kikombe cha Mfaume kilikuwa kimepoa mkononi.

— Wakija na X, aliuliza, wanachukua baraza tu au wanachukua na nyumba?

Satelaiti akaeleza kwamba huko Yombo kuna mzee aliyeona baraza yake imetokeza, akaivunja mwenyewe kabla ya X. Wapimaji walipokuja wakakuta hakuna kilichozidi, wakapita. Jirani yake alingoja. Jirani yake sasa anapanga chumba Mbagala. Nilimuuliza huyo mzee wa Yombo anaitwa nani. Satelaiti akasema majina hayakumbuki, ila habari ni ya uhakika.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Jumatano Patasi alirudi kutoka Mwenge kabla ya adhuhuri, na hakutaka hata kashata.

— Nimemwona.

— Nani?

— Yule yule. Yuko kule kwetu kwenye vinyago, anapiga picha. Nikamfuata nyuma nyuma. Kafika kwa fundi viatu, kachuchumaa vile vile, kapiga picha kiatu. Kimoja.

— Kimoja? aliuliza Mwinjuma.

— Kimoja. Cha pili hakukigusa.

Satelaiti alifumba macho kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali.

— Wanachukua nusu, alisema. Kila mahali nusu. Kwa fundi kiatu kimoja, hapa ukuta mmoja.

Sikuelewa, na nadhani hata yeye hakuelewa, lakini maneno yale yalikaa vibaya. Mfaume akaingia ndani. Tulisikia sauti ya Mwanabaraka ikipanda, kisha ya Mfaume ikiwa chini, akisema kitu kimoja tu tena na tena: nyumba hii ndiyo tuliyonayo.

Alhamisi alitoka na nyundo kubwa aliyoazima kwa fundi mwashi. Hakutuomba tunyanyuke; tulinyanyuka wenyewe. Alianzia upande wa mbali, upande wa bondeni, akaja polepole. Saruji ya zamani ni ngumu. Kila pigo lilirudi mabegani mwake. Patasi alimsaidia kubeba mawe makubwa. Satelaiti alielekeza. Kipande cha mwisho, karibu na mlango, pale mama yake alipokuwa akikaa kusuka ukili, Mfaume alikiacha mpaka jioni. Kisha akaweka nyundo chini, akashika ule ukingo kwa mkono mmoja, akaiokota tena nyundo.

— Mama, nisamehe, nyumba kwanza, alisema, na akapiga.

Mwanabaraka hakutoka siku ile.

Ukuta ulibaki sawasawa na mstari wa nyumba. Satelaiti aliupima kwa macho kutoka ng'ambo ya barabara, akasema sasa hata waje na darubini hawatapata cha kuchora. Sisi tulikaa juu ya vipande. Havikaliki vizuri, kila mtu alikuwa anajigeuza geuza.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Raba zile zile, kamera ile ile, na kitu bapa kwapani kilichofungwa gazeti. Alipofika kona alisimama katikati ya lami, akatutazama, akatazama ukuta, akatazama nyuma yake kama mtu aliyekosea mtaa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tulisema. Mfaume alinyanyuka.

— Umekuja na rangi? aliuliza.

— Rangi gani, baba?

— Nyekundu.

Alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka. Akasema anaitwa Sekela Mwambungu, anafundisha shule ya msingi huko Kinondoni. Shule zikifungwa, na kila Jumamosi, anatembea tu na kamera mitaani. Hiyo ndiyo starehe yake, wengine wanakwenda ufukweni.

— Mwambungu wa Tukuyu? aliuliza Satelaiti, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

— Wa Tukuyu, baba.

Jonas Mwaisumo, yaani Satelaiti, ambaye mwenyewe ni wa Tukuyu, alianza kufuta miwani.

— Na zile hatua? aliuliza. Siku ile ulikuwa unapima.

— Kamera yangu haivuti karibu wala mbali, baba. Nikitaka kitu kiingie chote, narudi nyuma mwenyewe kwa miguu.

— Na kiatu cha Mwenge? alisema Patasi.

— Kumbe ulikuwepo? Kile cha pili fundi alikuwa amekikalia.

Akafungua gazeti. Ilikuwa picha kubwa, nyeusi na nyeupe, kwenye fremu ya mbao. Alikuwa ameipiga kutoka chini, na jua la asubuhi lilikuwa likitoka ubavuni, kwa hiyo kilichoonekana kwanza ni ukingo wa baraza, na juu ya ukingo alama za vidole vya Bi Zuhura, mfereji kwa mfereji, zikienda mpaka mwisho wa picha. Nyuma yake tulikuwa sisi. Mfaume, Satelaiti, Patasi na mimi tulikuwa tunaitazama kamera kwa macho yaliyofinywa. Mwinjuma peke yake alikuwa anatazama kahawa yake.

— Nimewaletea, alisema Sekela. Ni ya nyumba hii. Nilivutiwa na hizi alama, nikasema nitarudi niulize aliyezitia ni nani.

Mfaume aliipokea kwa mikono miwili. Akaweka vidole vyake vinne juu ya kioo, kwenye zile alama. Vililingana.

— Na baraza yenyewe, aliuliza Sekela, kwa nini imevunjwa?

Mfaume alimtazama Satelaiti. Satelaiti alimtazama Patasi. Patasi alinitazama mimi, nami nikaitazama picha.

Mwanabaraka alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na upande wa kanga mdomoni. Akaichukua picha mikononi mwa mumewe, akaiangalia sana, kisha akatuangalia sisi mmoja mmoja, juu ya yale mawe.

— Mjibuni mgeni, alisema.

Mwinjuma aliinua birika lake, akalitikisa, akaliweka chini taratibu, asije akaonekana kuwa ndiye anayetaka kusema.