Siku Cyriaque Alipoanza Kulia

Ndugu na majirani, Jumanne tarehe 9 Novemba 1993, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwetu hapa Kabeza, Kigali, nachambua maharage, shemeji yangu Léonce akaingia akitoka hospitali, akatazama ungo, akasema, "Shemeji, ongeza maharage, watu watakuja," na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mume wangu amefariki.

Cyriaque Nduwayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Kibungo, akasoma shule ya msingi ya misheni hukohuko hadi 1965, akawa utingo wa lori mwaka 1969, na kuanzia 1974 dereva wa malori ya Mombasa, kazi iliyoleta nyumbani kwetu Kiswahili hiki ninachowasomea. Tarehe 7 Agosti 1976 alinioa mimi, Athanasie, tukapata watoto watatu, Béatha mwaka 1978, Clovis 1981 na Générose 1985.

Oktoba 1990 vita vilifunga njia ya kaskazini, na tarehe 6 Februari 1991 lori lake lilipigwa risasi barabara ya Ruhengeri, utingo wake Benon akafia kitini, Cyriaque akaendesha naye hadi Kigali, akaosha kiti mwenyewe, akasema amechoka tu. Majirani walileta bia kumpa pole, kama ilivyo desturi yetu, na siku ya nne, mrija wa kunywea bia ukiwa bado mkononi, alianza kulia mbele ya wageni, nami nikamshika mkono, nikamwambia, "Baba Béatha, ingia ndani, watu wanakuona," nikafunga mlango. Hakulia tena nyumbani. Kuanzia hapo alikunywa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, mwanzoni ili alale, baadaye ili aweze kuamka, barabarani vizuizi, jioni hakuna ruhusa ya kutoka, sisi watano ndani ya vyumba viwili pamoja na jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na ninakiri kwamba nilimnunulia mwenyewe, kwa sababu akinywa nyumba ilitulia.

Septemba mwaka huu alilazwa kwa ugonjwa wa ini, na huko, bila chupa, alinisimulia habari za Benon kwa siku tatu, akalia, akaomba chakula, lakini ini lilikuwa limekwisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha kazi zao wakakaa nasi, na madereva wenzake waliomleta nyumbani, na mtatuwia radhi kwamba kwenye msiba huu hakuna bia, kuna uji wa mtama.

Jana jioni Léonce, ambaye tangu Jumanne alizungumza habari za kuni na maharage tu, aliweka kikombe chini akalia mbele ya wazee, mmoja akainuka ampeleke ndani, nikasema, "Mwacheni hapohapo," naye akalia mpaka akamaliza. Kisha nikapakua, nikahesabu, watoto watatu, mama mkwe wangu Donatille, Léonce na mimi, sita, wote tupo, wote tukala.

Baba Béatha, pumzika sasa.